Mbuzi Aliyeliwa Kabla ya Maji Kutajwa

Vijana wangu mliochukuliwa juzi kuzunguka vijijini kwa ajili ya ule mtambo wa stima wa gesi, mmenipigia simu mmoja mmoja na swali ni lile lile: "Mzee Njeru, hii kazi inafanywaje?" Nimechoka kujibu kwa simu. Betri inaisha kabla sijafika katikati, na mimi pia ninaisha. Kwa hivyo nimekaa hapa nyumbani Manyatta, miguu juu ya stuli, nawaandikia wote mara moja. Shule niliachia darasa la nane, basi maneno makubwa msiyatafute hapa.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna kampuni inataka kujenga kitu, na mahali inataka kujenga kuna watu wanakaa. Wewe unasimama katikati. Asubuhi unapeleka maneno ya kampuni kwa watu, mchana unarudisha maneno ya watu kwa kampuni, na jioni pande zote mbili zinakuona wewe ni mtu wa upande ule mwingine. Nimeifanya hiyo miaka mingi, kuanzia nguzo za stima mpaka minara ya simu, na mwisho huu mtambo wa gesi ambao hadi leo ni mchoro kwenye bango, na bango lenyewe limeshaliwa na mchwa mguu mmoja. Kila mradi niliingia nikiwa na furaha kama mtu anaenda harusi. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Wewe ukionyeshwa mchoro wa daraja unaanza kuvuka." Alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa kuota mchana, na sijapona.

Aliyenifundisha hakuwa mkubwa wa ofisi. Alikuwa dereva, Bwana Swaleh, wa familia ya Waislamu wenye malori pale Maua, na alijua barabara za Meru na Embu kama anavyojua vidole vyake. Siku yangu ya kwanza tulikuwa tunaenda Kianjai, mambo ya nguzo. Tulipokaribia akasimamisha gari mbali kabisa, akazima.

"Mbona tunashukia hapa?" nikamuuliza. "Mkutano uko kule mbele."

"Gari likifika kabla yako, watu wataongea na gari," akasema. "Tembea. Vumbi likupate kidogo."

Nilitembea, lakini hekima yangu iliishia hapo. Nilipofika niliwasalimia vijana kwanza, kwa sababu walikuwa karibu na walikuwa wanacheka. Wazee walikuwa wamekaa kando. Mmoja wao akaniangalia, akasema kwa upole sana, "Huyu mgeni macho yanamsumbua. Tumsaidie atuone." Akanisimamisha mbele na kunizungusha nisalimie kila mtu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, jina na ukoo, mpaka jua likawa utosini. Nguzo hatukuzitaja siku hiyo. Swaleh alikuwa amelala kwa gari. Nilipomwambia, akasema, "Hiyo ni bei nafuu. Wengine huwa wanarudishwa bila salamu."

Basi mjue ya kwanza: salamu ndiyo kazi, hayo mengine ni nyongeza. Ya pili, usiseme "tutawaletea." Wewe huleti chochote, wewe una daftari tu. Sema, "Kampuni imesema inaweza kuleta." Watu watakununia, lakini baadaye utaweza kupita njia hiyo hiyo. Ya tatu, uliza mama mmoja mkutano uwe saa ngapi na uguse nini, kabla ya kumuuliza chifu. Hii ya tatu niliijua kwa kuchelewa, na ndiyo nataka kuwaeleza kwa urefu.

Huo mtambo ulipangwa kwenye tambarare upande wa chini wa Kiritiri, mahali pa mbuzi, mahindi machache na joto jingi. Gesi ingetoka pwani kwa bomba, ichomwe pale, izungushe mashine, mashine itoe stima. Nyinyi mnaelewa haraka kwa sababu mmesoma. Kule, gesi ni ile ya mtungi wa kupikia. Mzee mmoja akaniuliza kama atatakiwa kuja na mtungi wake ujazwe. Mwingine akauliza, "Sasa jioni wote tukiinjika chai, stima si itapotea?" Nilichukua sufuria ya maji, nikaiweka motoni mbele yao, nikawaonyesha jinsi kifuniko kinavyoruka. Nikawaambia mashine si sufuria, lakini ni hivyo hivyo, moto unasukuma kitu. Wakatosheka. Ofisi ilikuwa imenipa picha za rangi kwa tableti. Sufuria ilizishinda zote.

Hiyo tableti ndiyo mambo ya siku hizi. Zamani tulikuwa na kipaza sauti na daftari. Sasa unabonyeza. Nyumba kwa nyumba unajaza: kiongozi wa nyumba, sahihi, picha. Nafasi ya jina ilikuwa moja tu. Ukiandika mzee, mama hana pa kuingia. Niliona hiyo nafasi moja, nikaona imepungua, na nikaendelea kubonyeza kwa sababu jua lilikuwa kali na nyumba zilikuwa nyingi. Sitaki kujitetea kwamba sikuona.

Sasa, kampuni ilikuwa imesema mtambo ukija, kijiji kitapata vitu vinne. Vitu gani, kijiji kichague chenyewe, na orodha ifike Nairobi Ijumaa. Nikaita baraza. Aliyeongoza alikuwa Mzee Ireri, mwenyekiti wa wazee, mtu mrefu, mkavu, asiyemaliza sentensi haraka. Wazee walitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha mwili, wakajadiliana, wakachagua: barabara ya murram, yaani ya changarawe nyekundu, stima ya majumbani, nafasi za vijana kwenye chuo cha ufundi, na ukumbi wa mikutano wenye viti vya kuegemea mgongo. Hivyo viti vilijadiliwa kuliko chuo. Akina mama walikuwa wamekaa upande mmoja, wametulia. Nikadhani wameridhika.

Nilifurahi sana. Nilimaliza orodha kabla ya siku yake, jambo ambalo halijawahi kunitokea maishani. Na kwa furaha hiyo nikafanya kitu cha kijinga. Nilikuwa nimekuja na mbuzi kwenye gari, zawadi yangu tu, ya kuwashukuru watu kwa kukaa juani. Nikasema achinjwe. Wazee wakaangaliana kidogo, halafu Mzee Ireri akaitikia. Tulikula. Swaleh peke yake hakula. Alikuwa ananiangalia vile mtu anaangalia gari linaloteremka bila breki.

Njiani nikamuuliza, "Mbona umenuna? Nyama ilikuwa mbaya?"

"Umefunga maneno," akasema.

"Nimefunga vipi?"

"Njeru, wewe ni wa huku, mimi ni wa Maua. Ni mimi nikufundishe mbuzi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu jambo likijadiliwa mbele ya wazee na mbuzi akaliwa, jambo limefungwa. Halifunguliwi kwa kuongea. Mimi niliona ni shukrani, wao waliona ni muhuri. Na nimezaliwa huku, nimelelewa huku. Miaka ya ofisi ilikuwa imenifanya nione mbuzi kama chakula cha mchana.

Kesho yake asubuhi nikarudi kupiga picha za barabara. Nikapita mto wa mchanga, ule ambao unakuwa na maji mvua ikinyesha tu. Akina mama walikuwa ndani ya mashimo, wanachota na kikombe, kikombe kwa kikombe, mpaka jerikeni ijae. Wa kwanza kuniona alikuwa Mama Mbogo, mjane wa miaka kama sitini na kitu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili.

"Karibu, mwenye mbuzi," akaniambia. "Ulitushibisha."

"Asante, mama. Habari ya hapa?"

"Hapa ni hivi unavyoona. Ninafika kabla ya jua na ninatoka jua likiwa kichwani. Tuliambiwa huo mtambo utavutiwa maji kwa bomba kutoka bwawa kubwa la Tana, yapoze mashine. Hilo bomba litapita hapa juu, karibu na kanisa. Sisi tulitaka kuomba mifereji minne tu, ile ya kufungua na kufunga kwa mkono, juu ya hilo bomba. Maji ya mashine yapite, na sisi tuchote."

"Sasa mbona hamkusema jana?"

Wakacheka wote, hata waliokuwa chini ya shimo. Mama Mbogo akaweka kikombe chini.

"Wazee wakimaliza ndiyo sisi huanza, mwanangu. Hiyo unaijua. Walikuwa wamemaliza, nikakohoa nisimame, nikasikia mbuzi analia. Nikakaa. Wewe mtu wa haraka namna hii, mama yako alikulea na nini?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ireri, nikamweleza yote. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Maneno ya akina mama ni ya kweli," akasema. "Hata nyumbani kwangu nimeambiwa jana, na chai sikupewa. Lakini yamefungwa. Aliyeyafunga ni wewe. Ukitaka yafunguke, lete mbuzi mwingine, wa rangi moja, asiye na kilema, ukubali kosa mbele ya wazee."

Ilikuwa Jumatano. Nikashuka Manyatta, nikamchukua mbuzi wangu mweupe wa maziwa. Alhamisi asubuhi tukamfikisha. Wazee wakamzunguka. Mmoja akashika sikio, akalivuta, akachungulia.

"Huyu ametobolewa."

Ilikuwa alama ya daktari wa mifugo, ile ya plastiki wanayotundika sikioni. Nilikuwa nimeitoa, lakini tundu lilibaki. Nikawaeleza kwamba ni alama ya afya, mbuzi amechanjwa, ni mzima kuliko mimi.

"Hatukukataa afya yake," akasema Mzee Ireri. "Tumekataa tundu."

Nikakaa juu ya jiwe. Vijana, nawaambia ukweli, nilikuwa tayari kuacha. Ijumaa ilikuwa kesho. Nilianza kufikiria jinsi nitakavyowaambia akina mama kwamba nimejaribu, maneno ambayo hayajazi hata kikombe. Ndipo Mama Mbogo akatokea, anavuta mbuzi mweusi tii kwa kamba.

"Chukueni huyu," akasema. "Njeru ataungama kosa lake, na mbuzi ni wangu."

Wazee wakanong'onezana. Mmoja akasema haijawahi kuonekana. Mama Mbogo akasema, "Ni sawa. Msimle." Kisha akangoja. Mzee Ireri akamwangalia mbuzi kwa muda, akacheka kidogo kwa pua, maana aliona mtego ulipo. Kwetu huwezi kula mbuzi wa mtu halafu umnyime sikio. Wakimla, lazima wamsikilize. Na mbuzi alikuwa amenona.

Nikaungama. Nyama ikaliwa, na Mama Mbogo akasimama akasema yake, hakuchukua muda hata wa kuchemsha chai. Ukumbi wenye viti vya kuegemea ukaondolewa, mifereji ya maji ikaingia namba nne. Mzee mmoja alilalamikia mgongo wake. Mkewe, akiwa upande wa akina mama, akamwambia, "Hata jerikeni huegemea mgongo. Uliza sisi." Ijumaa orodha ikaenda.

Ningependa kumalizia hapo. Miaka ile ya ujana ningemalizia hapo na nijipigie makofi.

Miezi ikapita. Ilibaki kile kikao kikubwa cha wananchi, kile ambacho serikali inakaa, kampuni inakaa, na kila kitu kinachosemwa kinaandikwa na kujibiwa kwa maandishi. Kitu kisichosemwa pale ni kama hakikuwepo. Siku kumi kabla, injinia mmoja wa kutoka Nairobi, msichana mpole, alikuja kupima udongo. Nikamuuliza bomba la maji litapita upande gani wa kanisa.

"Bomba la maji halipo tena, mzee," akasema. "Mpango umebadilishwa. Mashine zitapozwa na hewa. Tutaweka feni kubwa. Hamkuambiwa?"

Nikapigia mkubwa wangu wa ofisi. Akasema ni kweli, ni mpango mzuri, unaokoa maji. Kisha akasema, "Lakini hiyo usiitoe huko nje mpaka kikao kiishe. Watu watachafuka roho bure."

Nililala na hilo neno siku mbili. Mnaelewa uzito wake? Akina mama wangesimama mbele ya serikali waombe mifereji juu ya bomba ambalo halipo. Wangejibiwa kwa maandishi, kwa adabu, kwamba bomba halipo, na namba nne ingekufa hapo, ikiwa imejibiwa. Hakuna mtu angekuwa amedanganya. Na mimi ningekuwa nimekaa mbele na kofia ya kampuni.

Swaleh wakati huo alikuwa ameshaacha kuendesha, macho yalikuwa yanamsumbua. Nikampigia Maua.

"Ukisema utafukuzwa," akaniambia.

"Najua."

"Na usiposema, utakuwa unapitia wapi kwenda sokoni?"

Nikaenda mtoni asubuhi, kwa miguu. Nikawakuta ndani ya mashimo yao, nikasema yote bila kuyazungusha. Bomba halitakuja, mashine zitatumia feni, na mimi nimekatazwa kuwaambia. Mmoja wao akaanza kulia, mama mwenye mtoto mgongoni, si kwa sauti, machozi tu na huku anaendelea kuchota. Mimi pia nina moyo wa karatasi. Nikaangalia pembeni.

Mama Mbogo akapanda juu ya ukingo, akakaa, akapangusa miguu mchanga.

"Wa nguzo walikuja, wakapotea," akasema. "Wa kisima walikuja, wakapotea. Wewe ni wa kwanza kurudi kutuambia kitu hakiji. Keti."

Nikaketi. Akaniuliza, "Hizo feni hazitumii maji. Kuahidi maji bado waliahidi?"

"Waliahidi namba nne ya kijiji. Namba nne ni ya mifereji."

"Basi tuibadilishe mapema, kabla ya kikao. Kule kwa dada yangu walijenga ukuta wa saruji kukata mto kama huu. Mvua ikija, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanakaa ndani ya mchanga mpaka kiangazi kiishe. Unachota ukiwa umesimama. Hakuna bomba. Hakuna mtu wa kufunga."

Mzee Ireri hakutaka mbuzi wa tatu. Alisema yule mweusi alikuwa wa maji, na maji bado ni maji, watu wachague tu yatapatikana vipi. Lakini aliongeza sharti mwenyewe: malori yanayobeba mchanga wa kujengea yakatazwe kuchota upande wa juu wa ukuta, kwa sababu bila mchanga ukuta ni kiti cha mbuzi. Wajukuu wake wawili walikuwa wapakiaji wa hayo malori. Alisema hivyo wakiwa wamesimama pale pale.

Ofisi ilijua kabla ya wiki kwisha. Barua iliyonifikia ilisema nipumzike, niwapishe wengine, imeandikwa vizuri hata unaweza kufikiri ni pongezi. Ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na chai wala picha ya pamoja. Mke wangu aliisoma, akaikunja, akasema, "Angalau safari hii hukuanza kuvuka," akaniwekea chakula.

Kwenye kikao nilienda kama mtu yeyote, nikakaa nyuma kwenye nyasi. Mbele alikaa kijana waliyemweka mahali pangu, mtanashati, Kiswahili chake cha redioni. Kimbeere, lugha ya watu wa pale, hakukijua. Mama Mbogo aliposimama akaongea kwa Kimbeere, kwa sababu jambo la maana huongewa kwa lugha unayoota nayo. Kijana akasubiri mtu amtafsirie kidogo, akaandika.

"Nisomee ulichoandika," Mama Mbogo akamwambia kwa Kiswahili.

Kijana akasoma, "Jamii imeomba huduma za maji."

"Ni hayo tu? Nimesimama muda wote huo, imetoka hayo?"

Watu wakacheka. Kijana akaona haya, na nilimhurumia, kwa sababu hata mimi nimewahi kukalia kiti hicho. Mkubwa wa kikao akatazama saa. Ndipo Mzee Ireri akainuka taratibu, akanielekezea fimbo.

"Kuna mtu kwenye nyasi kule," akasema. "Si wa kampuni tena, kwa hivyo anaweza kutusaidia. Njeru, simama. Sema vile mama amesema, huyo kijana aandike, halafu usome."

Nikasimama. Nilisema neno kwa neno: ukuta wa saruji ukate mto wa mchanga chini ya kivuko, upande wa kanisa, ujengwe kabla mashine ya kwanza haijawashwa, na malori ya mchanga yasichote upande wa juu. Kijana akaandika yote. Nikakisoma kilichoandikwa, kwa Kiswahili kwa ajili ya serikali, kisha kwa Kimbeere kwa ajili ya wenyewe. Mama Mbogo akataka kisomwe tena. Nikakisoma tena.

"Imeandikwa 'kabla mashine haijawashwa'?" akaniuliza.

"Imeandikwa."

"Na mahali ni pale nilisema?"

"Ni pale ulisema, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Mkutano ulikuwa bado unaendelea, mtu wa serikali alikuwa ameanza hotuba yake. Mama Mbogo akajifunga leso upya, akamfungua punda wake pale kwenye ua, akapanga jerikeni zake nne tupu mgongoni mwa punda, mbili huku mbili kule, akashika njia ya mtoni, kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia na nyumbani hakukuwa na maji ya chai.